Daraja la Blenheim: miaka 156 juu ya Mto Schoharie, na siku moja ya mafuriko

Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2011, Mto Schoharie ulifurika ukalizoa daraja la mbao la kijiji cha North Blenheim, jimbo la New York, Marekani. Daraja hilo lilikuwa limesimama tangu 1855. Lilikuwa na paa, lina kuta za mbao pande zote mbili, na ndani yake mna njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Lilivuka mto kwa mruko mmoja wa futi 210, yaani mita 64, bila nguzo hata moja majini. Ukilipima ncha hadi ncha lilifika futi 232, karibu mita 71. Kati ya madaraja yote ya mbao yenye paa yaliyobaki duniani, ni machache mno yaliyoweza kushindana nalo kwa urefu wa mruko mmoja.

Ni rahisi kusema kwamba lilikuwa zee na siku zake zilikuwa zimetimia. Mimi sikubaliani, na ndiyo sababu ya kuandika uchambuzi huu. Daraja la Blenheim halikuangushwa na uzee wala na uzito. Kwa karne moja na nusu lilijibeba lenyewe, likabeba theluji juu ya paa lake, na katika miaka yake ya kazi likabeba mikokoteni, mifugo na hatimaye magari. Lililoliua ni jambo moja ambalo fundi wake hakuliwekea kinga: maji kuugusa mwili wa daraja. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini uamuzi uliofuata, wa kulijenga upya, ulikuwa mgumu, na kwa nini naamini ulikuwa sahihi.

Mto usiotaka nguzo

Mto Schoharie unaanzia katika Milima ya Catskill na kutiririka kwenda kaskazini hadi kuingia Mto Mohawk. Siku za kiangazi unaonekana mdogo, maji machache yanayopita juu ya kokoto. Lakini milima inayoulisha ni mikali. Mvua kubwa ikinyesha, au theluji ikiyeyuka ghafla baada ya baridi kali, maji hushuka yote kwa pamoja, na hushuka na magogo, mawe na mapande ya barafu. Nguzo yoyote unayoisimamisha katikati ya mto wa namna hiyo unaiweka vitani kila mwaka.

Ushahidi wa jambo hilo uko kwenye mto huohuo. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu ya New York State Thruway, linalouvuka Schoharie karibu na mahali unapoingia Mohawk, lilianguka wakati wa mafuriko. Watu 10 walikufa. Lilikuwa daraja la chuma na zege, limefunguliwa 1954, kazi ya wahandisi wenye hesabu zote za karne ya 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji yalikuwa yamechimba udongo chini ya msingi wa nguzo iliyosimama mtoni, na mawe yaliyowekwa kuulinda msingi huo hayakutosha. Daraja lile lilidumu miaka 33. Siku lilipoanguka, daraja la mbao la Blenheim, lililo upande wa juu wa mto uleule, lilikuwa na umri wa miaka 132.

Sisemi kwamba mafundi wa zamani walikuwa na akili kuliko wa leo. Daraja la Thruway lilibeba malori ambayo la Blenheim lisingeyabeba hata saa moja. Ninachosema ni kwamba watu wa North Blenheim wa miaka ya 1850 waliujua mto wao, wakataka daraja lisiloweka mguu ndani yake. Kampuni ya daraja ya kijiji, iliyotarajia kurudisha fedha zake kwa ushuru wa wapitaji, ikamtafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Kijana aliyedhaminiwa na baba yake

Mtu huyo alikuwa Nicholas Montgomery Powers, mzaliwa wa Pittsford, Vermont, mwaka 1817. Alijifunza kazi ya madaraja chini ya fundi Abraham Owen. Mwaka 1837 aliaminiwa kujenga daraja la Pittsford Mills, kwao nyumbani, akiwa hajatimiza miaka 21. Kwa kuwa kisheria alikuwa bado mtoto, baba yake ilibidi aweke dhamana kwamba mbao zitakazoharibiwa na mwanawe atazilipa yeye. Mzee hakulipa kitu. Daraja lile lilidumu zaidi ya miaka 90.

Napenda kukitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jinsi elimu ya kazi hii ilivyokuwa ikipita kutoka mtu hadi mtu. Maseremala wa madaraja walijifunza kwa kubeba mbao, kutoboa matundu, kugonga kabari, na kumtazama fundi mkuu akichora kwa mkaa juu ya ubao. Hesabu kamili za nguvu ndani ya kila boriti ya daraja la aina hii zilianza kuchapishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1840, na hazikuwafikia wote. Hata hivyo mafundi walikuwa na mifumo iliyojaribiwa, na mingine ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya aliyeivumbua: tao na kenchi za Theodore Burr, wavu wa mbao wa Ithiel Town wa 1820, kenchi ya Stephen Long ya 1830, na ile ya William Howe ya 1840 iliyochanganya mbao na fito za chuma. Fundi mzuri alijua kila mmoja unafaa wapi.

Kwa Blenheim, Powers alichagua kenchi ya Long, kisha akaiongezea kitu ambacho hakipatikani mahali pengi.

Ndani ya daraja

Anayeijua kenchi inayobeba paa la nyumba ameshapata nusu ya habari. Kenchi ya daraja ni ndefu zaidi na husimama wima kando ya njia kama ukuta: ina boriti kuu ya juu, boriti kuu ya chini, nguzo fupi zinazoziunganisha, na katikati ya kila nguzo mbili kuna mbao za mshazari zinazokatana. Uzito ukiingia kwenye sakafu, boriti ya juu hugandamizwa na boriti ya chini huvutwa. Mbao za mshazari hupokezana mzigo hatua kwa hatua hadi ufike kwenye kuta za mawe zilizo kingo za mto.

Tatizo la kwanza la fundi wa mbao liko kwenye boriti ya chini. Mbao huvumilia kugandamizwa bila taabu, lakini ukitaka kuivuta lazima uishike mahali, na hapo unapoishika ndipo inapopasuka. Tena hakuna msonobari wenye mita 64. Kwa hiyo boriti ya chini hutengenezwa kwa mbao kadhaa zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na maungio yake hupangwa yasikutane mahali pamoja: huyu akiishia hapa, wenzake wawili wanapita moja kwa moja. Zinachongwa meno ili zing'atane, kisha zinafungwa kwa bolti. Ubora wa daraja zima unategemea meno hayo. Fundi akiyachonga kwa pupa, daraja litalegea na kunesa katika miaka michache.

Tatizo la pili ni kulegea kwa mishazari. Mkokoteni unapopita, mshazari mmoja hugandamizwa zaidi, na mwenzake anayemkata hupoteza kazi. Asipokuwa na kazi hulegea kwenye tundu lake, kisha mkokoteni ukihama hubanwa tena. Mchezo huo wa kubanwa na kulegea ukirudiwa maelfu ya mara hula mbao. Stephen Long, afisa wa jeshi aliyekuwa pia mpimaji na mhandisi wa reli, aliweka dawa rahisi: kabari. Kenchi ikishasimamishwa, kabari hugongwa kwenye maungio mpaka kila mshazari ubanwe kabla mzigo haujafika. Mzigo ukija, ule uliokuwa ulegee unapunguza tu mbano wake, hauachii. Wazo la kulikaza jengo kwanza ndipo libebe, ambalo karne iliyofuata lilikuja kutawala ujenzi wa zege, lilikuwa tayari mikononi mwa maseremala wa vijijini wenye nyundo na vipande vya mbao ngumu.

Tatizo la tatu lilikuwa la Blenheim peke yake: njia mbili. Daraja la kawaida lenye paa lina kenchi mbili, kushoto na kulia, na njia moja katikati. Ukitaka njia mbili unahitaji kenchi ya tatu katikati, na hiyo hubeba nusu ya sakafu kutoka kila upande. Kwa maneno mengine, kenchi ya katikati inapokea karibu mara mbili ya mzigo wa kila kenchi ya pembeni. Ukizifanya zote tatu sawa, ya katikati itazama kwanza na kuwavuta wenzake.

Powers aliifanya ya katikati kuwa ndefu zaidi kwenda juu, ikapanda hadi kileleni mwa paa, kisha akaipitishia tao kubwa la mbao. Tao hilo lilikuwa la tabaka tatu. Lilianzia chini ya sakafu, kwenye kuta za mawe, likapanda taratibu hadi kugusa kilele cha paa katikati ya mto, likashuka tena upande wa pili. Ukiingia ndani ungeliona likiibuka kwenye sakafu mahali fulani, kisha likipita kifuani pako, kisha juu ya kichwa. Tao lina sifa inayoifaa mbao kuliko umbo jingine lolote: kila kipande chake kinagandamizwa, hakuna kinachovutwa. Mzigo wake linausukuma kwenye mawe ya kingo, na mawe hayachoki kusukumwa. Paa nalo likapata uti wa mgongo usio wa bure, maana kilele chake ndicho kilele cha tao.

Sehemu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayolifanya daraja la Blenheim kuwa kazi ya mtu mwenye kipaji. Kenchi ya Long mtu yeyote angeweza kuinunua kwenye hataza. Kutambua kwamba urefu wote wa jengo, kutoka chini ya sakafu hadi kileleni, ungeweza kutumika kama kimo cha tao la katikati, ni jambo ambalo Powers alilipata kwa kufikiri juu ya kazi iliyokuwa mbele yake.

Kusimamisha na kuachia

Zilitumika futi-bao zipatazo 94,000, kipimo cha Kimarekani ambacho futi-bao moja ni ubao wa futi moja kwa futi moja wenye unene wa inchi moja. Ni karibu mita za ujazo 220 za mbao. Bolti zilikuwa na uzito wa takribani kilo 1,600 na washa, visahani vya chuma vinavyokaa chini ya vichwa vya bolti, kilo 680 hivi. Gharama yote ilifika dola 6,000 za wakati huo.

Daraja lilijengwa kwanza nchi kavu, nyuma ya kijiji. Huko ndiko kila ulimi ulichongwa kuingia tundu lake, kila shimo la bolti lilitobolewa kwa keekee, kila uso ulisawazishwa kwa tezo na patasi. Baada ya kuhakikisha kwamba kila kitu kimekaa, walilifungua, wakazipeleka mbao mtoni, na kulisimamisha upya juu ya jukwaa la muda lililojengwa kutoka chini ya mto. Namna hiyo ya kazi ina maana kubwa. Juu ya maji hakuna nafasi ya kurekebisha kiungo kilichokataa, na jukwaa la muda ni kitu cha hatari katika mto unaoweza kufurika usiku mmoja. Kadiri unavyokaa muda mfupi juu yake ndivyo unavyopona.

Watu walikuwa na shaka, na ni shaka ya haki. Wakati huo, daraja la mbao la mruko wa mita 64 lilikuwa jambo ambalo watu wengi wa bonde lile hawakuwahi kuliona, na wapo waliosema kwamba lingevunjika kwa uzito wake lenyewe. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoa jukwaa Powers alipanda akaketi juu ya paa, miguu ikining'inia, akitangaza kwamba daraja likianguka basi hataki kuliona jua tena. Iwe alitamka hivyo au hapana, jukwaa liliondolewa na daraja likabaki.

Kwa nini paa

Watu wengi hudhani paa liliwekwa ili wasafiri wasinyeshewe, au farasi wasiogope kuona maji. Paa liliwekwa kwa ajili ya maungio. Mbao ikilowa na kukauka upesi haidhuriki sana, lakini maji yakiingia kwenye tundu la kiungo hukaa humo, na humo ndimo kuvu huanzia kazi. Daraja la mbao lisilofunikwa katika hali ya hewa ya kaskazini mashariki ya Marekani lingeweza kuoza kwenye maungio katika miaka 10 hadi 20. Likifunikwa na kutunzwa, linavuka karne.

Daraja la kwanza linalojulikana kuwekewa paa nchini Marekani ni lile la Timothy Palmer juu ya Mto Schuylkill, Philadelphia, lililofunguliwa 1805. Jaji Richard Peters, aliyeiongoza kampuni yake, alisisitiza kwamba mbao za gharama kubwa kiasi kile zisiachwe wazi. Hoja yake ilikuwa ya mhasibu kuliko ya msanii, na ilienea nchi nzima. Uzuri ambao leo watu husafiri kwenda kuupiga picha ulitokana na mtu aliyekataa kulipia mbao mara mbili.

Paa na kuta zina kazi nyingine isiyotajwa sana: zinalikaza daraja lisiyumbe kwa upepo. Lakini kuta hizohizo zina upande wake mbaya, na nitaurudia.

Kutoka barabara hadi kumbukumbu

Maisha ya daraja baada ya 1855 yalikuwa na misukosuko yake. Mwaka 1869 mafuriko yalikata ukingo wa magharibi, mto ukajitengenezea njia pembeni ya daraja, ikabidi kuongeza kipande kingine cha kuvukia. Daraja lenyewe halikuguswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilijengwa daraja la chuma jirani yake, na la mbao likafungwa kwa magari. Katika sehemu nyingine huo ndio ungekuwa mwisho: mbao zingeuzwa au kuchomwa. Bodi ya kaunti ya Schoharie iliamua kulibakiza kama mali ya historia, na miongo minane iliyofuata watu waliingia humo kwa miguu tu. Mwaka 1964 lilitangazwa kuwa alama ya kitaifa ya kihistoria.

Siku ya mafuriko

Irene, dhoruba iliyoleta mafuriko ya 2011, ilikuja ikiwa imeshapungua kutoka kimbunga kamili, lakini mvua yake haikupungua. Katika baadhi ya sehemu za Catskill ilinyesha zaidi ya inchi 11, karibu milimita 280, na karibu yote ndani ya siku moja. Juu ya Blenheim kuna Bwawa la Gilboa, lililojengwa miaka ya 1920 kuupatia maji mji wa New York. Bwawa hilo halikujengwa kuzuia mafuriko. Likijaa, maji hupita juu yake na kuendelea na safari. Siku ile hofu kubwa ilikuwa kwamba lingepasuka, na wakazi wa bonde walitakiwa wahame. Halikupasuka. Maji yaliyopita juu yake na yaliyoingia kutoka vijito vya chini yalitosha kuiharibu miji ya bonde lile vibaya sana.

Sasa tulitazame daraja kwa hesabu. Madaraja ya aina hii hukaa juu ya kuta zake za mawe kwa uzito wake tu. Mita za ujazo 220 za mbao nyingi zikiwa za msonobari mkavu zina uzito wa karibu tani 100. Chukua maji yaendayo mita 4 kwa sekunde, yakipanda mita 1 tu juu ya ukuta wa mbao kwa urefu wote wa mita 64. Kwa kanuni ya kawaida ya msukumo wa maji, daraja linasukumwa pembeni kwa nguvu inayokaribia tani 80. Ni makadirio yangu, na yamechukua kina kidogo. Mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Magogo yakinasa kwenye ukuta, eneo la kusukumwa linaongezeka.

Wakati huohuo uzito unaolishikilia daraja mahali pake unapotea. Kila mita ya ujazo ya mbao inayozama hunyanyuliwa na maji kwa nguvu ya tani moja, ilhali yenyewe haifiki hata nusu tani. Kwa hiyo maji yalipofika kwenye boriti ya chini daraja lilianza kuwa jepesi, na yalipofika kwenye kuta likawa jepesi na linasukumwa. Kuta zilizoyalinda maungio dhidi ya mvua kwa miaka 156 zikawa ndizo zilizokamata mto. Tao la Powers halikuwa na la kufanya hapo. Lilibuniwa kushusha mzigo chini, na nguvu ya siku ile ilitoka pembeni na chini.

Jambo hilo halikutokea Blenheim peke yake. Siku ileile, Vermont, daraja lenye paa la Bartonsville la mwaka 1870 lilizolewa na Mto Williams, na video ya tukio hilo ilisambaa dunia nzima. Ukiitazama kwa makini utaona daraja halikatiki katikati. Linateleza kutoka kwenye kuta zake likiwa bado zima, ndipo linapovunjikia mtoni.

Je, lirudishwe?

Hapa watu wenye akili timamu walitofautiana. Daraja la Blenheim halikuwa likipitisha hata gari moja. Kijiji kilikuwa na daraja jingine, bonde lilikuwa na nyumba zilizobomoka, barabara zilizokatika na watu wasio na makao. Kuomba fedha za maafa kwa ajili ya daraja la watembea kwa miguu kulionekana kwa wengine kuwa anasa. Na hata fedha zingepatikana, lililopotea ni mbao za 1855 zenye alama za tezo. Hizo hazijengwi.

Shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga, FEMA, lilikataa kwanza. Kaunti ilikata rufaa, mabishano yakachukua miaka, na mwishowe fedha zikakubaliwa: zaidi ya dola milioni 6. Mwaka 2015 hadhi ya alama ya kitaifa iliondolewa, kwa kuwa kilichopewa hadhi hiyo hakikuwapo tena. Wapo waliohuzunika. Mimi naona mamlaka ilifanya haki: hadhi ile ilikuwa ya mbao zile, na kuihamishia kwenye mbao mpya kungekuwa kuwadanganya watakaokuja.

Kujenga upya nako kulikuwa haki, na sababu yangu kubwa iko kwenye michoro. Mwaka 1933, katika ule mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwaajiri wasanifu wasio na kazi ili wapime na kuchora majengo ya kihistoria. Mwaka 1969 ukaongezwa mpango kama huo kwa kazi za uhandisi. Daraja la Blenheim lilipimwa na kuchorwa chini ya mipango hiyo. Watu walipanda ndani yake na tepu, wakaandika ukubwa wa boriti, mahali pa maungio, mkunjo wa tao. Kazi hiyo haikuonekana kuwa na haraka yoyote wakati ilipofanywa, maana daraja lilikuwepo na yeyote angeweza kwenda kuliona. Bila hiyo, baada ya 2011 tungebaki na picha na simulizi, na kile alichokifikiri Powers kuhusu kenchi ya katikati tungekikisia.

Mchoro pekee haumfundishi mtu kazi. Ujenzi ulipoanza 2017, maseremala walilazimika kutatua kwa mikono yao maswali yaleyale ya 1855: namna ya kuungia boriti ya chini, kulipinda tao, kuikaza mishazari. Daraja lilikusanywa nchi kavu kando ya mto. Mwaka 2018 likainuliwa kwa jeki na kusukumwa likiwa zima juu ya viegemeo vya muda hadi likafika mahali pake. Powers alilijenga nchi kavu akalifungua, hawa walilijenga nchi kavu wakalisogeza. Sababu ni ileile, mto usioaminika.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni kimo. Daraja jipya limekaa juu zaidi kuliko la zamani. Anayelijua la kwanza kwenye picha atasikitika kidogo, kwa sababu lile lilikuwa limelingana na barabara ya kijiji, mtu anaingia bila kupanda. Lakini baada ya hesabu tulizoziona hapo juu, kulirudisha kwenye kimo cha 1855 kungekuwa kuyajenga makosa kwa gharama ya mamilioni. Fundi wa kwanza hakuwa na kumbukumbu za mafuriko za karne nzima. Wa sasa wanazo. Ningewalaumu kama wangeheshimu sura ya Powers na kuisahau sababu yake ya kuruka mto mzima, ambayo ilikuwa kuliweka daraja mbali na maji.

Anayetaka kuona mbao alizozigusa Powers mwenyewe bado anaweza, ila itabidi avuke mpaka wa jimbo kwenda Shrewsbury, Vermont. Huko kuna Daraja la Brown, alilolijenga 1880 akiwa na zaidi ya miaka 60, juu ya Mto Cold. Ni daraja dogo la njia moja, na safari hii alitumia wavu wa Town. Irene ililijeruhi nalo, lakini halikung'oka. Lilitangazwa alama ya kitaifa ya kihistoria mwaka 2014, na baada ya matengenezo likafunguliwa tena. Upande mmoja wa daraja hilo umekaa juu ya jiwe moja kubwa sana lililokuwa pale kabla ya mtu yeyote kufikiria kuvuka.